Mama na Kazi: Mpokea Simu wa Usiku



Mwezi huu sitawaletea habari za maandazi wala za kuku wa mayai, ingawa najua wapo walioniandikia kuuliza juu ya mdondo, nami nitawajibu. Nataka niwaeleze kazi moja ambayo mimi mwenyewe, mpaka Krismasi iliyopita, sikujua kama ipo. Mdogo wangu anaifanya huko Marekani, katika jimbo moja la kusini. Amekuwa nayo miaka 6 sasa, na muda wote huo nilipoulizwa kanisani mdogo wako anafanya kazi gani, nilijibu tu kwamba yuko serikalini. Wakinibana zaidi, nasema anapokea simu, kisha nabadili mazungumzo. Niliona haya kidogo, nakiri. Kupokea simu! Mtoto tuliyemsomesha kwa kuuza ng'ombe wa baba.

Alikuja likizo pamoja na shemeji na watoto wao wawili. Kwa kuwa amezoea kukesha, usingizi ulikuwa haumjii mpaka alfajiri. Mimi nikiamka saa 8 usiku namkuta jikoni peke yake na kikombe cha chai, basi naketi naye. Huko jikoni ndiko nilikoelezwa yote haya.

Katika nchi ile, mtoto akifanya kosa kubwa na mahakama ikaona hawezi kubaki kwao, kwa kawaida hapelekwi gereza la watu wazima. Wapo wanaohukumiwa kama wakubwa, na hilo ni jambo la kusikitisha, lakini walio wengi hukabidhiwa idara ya serikali inayoshughulika na vijana tu. Idara hiyo ina nyumba zake, na nyingine usidanganyike na jina la shule lililoandikwa getini, zina ua wa nyaya na milango ya chuma. Ina magari yake. Ina maafisa wanaowafuatilia vijana walioachiwa kwa masharti. Vyote hivyo vimetawanyika jimbo zima, mamia ya kilomita, na panapoviunganisha ni chumba kimoja cha mawasiliano kisicho na dirisha. Humo ndimo alimo mdogo wangu, kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, mbele yake kompyuta nne, visikilizio masikioni, simu ya upepo mkono wa kuume.

Nilimwuliza amekwisha kuonana na watoto wangapi kati ya hao. Akasema hajamwona hata mmoja. Anawajua kwa majina, kwa tarehe za kuzaliwa na kwa sauti.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Gari linalompeleka kijana hospitali au mahakamani likitoka getini, dereva huita kwa simu ya upepo, ataje namba ya gari, waliomo ndani, na maili zinazosomeka pale kwenye dashibodi. Akifika aendako anaita tena, anazitaja tena. Mdogo wangu anaandika saa na dakika. Mimi nikamwuliza, maili za nini, wanaogopa kuibiwa petroli? Akanitazama kidogo, akasema, "Dada, ni kwa ajili ya msichana aliye peke yake ndani ya gari na askari mwanamume." Ikiwa safari ni ya maili 12 na gari limesoma 20, kuna mtu atakayeulizwa alipitia wapi na yule mtoto. Nilinyamaza. Nilifikiri kuhusu safari zote ambazo watoto wetu wa kike wamepewa lifti na watu tunaowaamini, wala hakuna aliyeandika maili.

Kisha kuna hesabu. Kila nyumba huhesabu watoto wake kwa saa zilizopangwa, na hesabu hutajwa kwa mdomo, akipungua mmoja kila kitu kinasimama. Kuna walio katika vyumba vya peke yao, na wale wanaohofiwa kwamba watajidhuru. Hao lazima mtu apite kuwatazama kwa macho, na sehemu nyingi kipimo ni dakika 15 zisizidi. Mdogo wangu hapiti milangoni, yuko mbali, lakini taarifa zisipofika yeye ndiye wa kupiga simu na kuuliza kwa nini. Anasema kazi yake kubwa ni kuwa msumbufu kwa adabu.

Na kuna watoro. Kijana akitoroka, au akivunja masharti ya kuachiwa, hati ya kumkamata huingizwa kwenye kompyuta ya taifa, ile ya FBI iliyoanzishwa mwaka 1967. Polisi wa mji wowote wakimsimamisha barabarani watamwona humo. Lakini utaratibu hauwaruhusu kumchukua kwa neno la kompyuta peke yake. Ni lazima waulize kwa wenye hati, je, bado ina nguvu, na ndiye huyu? Swali likiwa la haraka, jibu litoke ndani ya dakika 10, na likiwa la kawaida, ndani ya saa 1. Hapo mdogo wangu anatoa jalada na kulinganisha jina, tarehe, alama za mwilini, na kuona kama hakimu hajaifuta.

Usiku mmoja aliulizwa habari za kijana aliyesimamishwa akiwa kwenye baiskeli. Jina ndilo, tarehe ndiyo. Lakini alipofika mwisho wa jalada akakuta karatasi ya hakimu ya majuma mawili nyuma, imefuta hati, na mtu fulani wa mchana hakuiondoa kwenye kompyuta. Akajibu wamwachie. Ilikuwa dakika ya 7. Kijana alikuwa anakwenda kuosha vyombo hotelini, akaendelea na safari yake, na hatajua maisha yake yote kwamba kulikuwa na mama mmoja wa Kiafrika mahali fulani aliyekuwa akipekua karatasi kwa ajili yake.

Nilimwambia anafanana na yule dada yake Musa katika Kutoka sura ya 2. Hawezi kuingia majini, kikapu si chake kukitoa, lakini amesimama kwa mbali kujua yatakayompata mtoto, na wakati ukifika anajua wa kumwita. Akacheka, akasema Miriamu alikuwa na bahati, alikuwa anaona mto.

Jambo lililotugombanisha ni la akina mama wanaopiga simu usiku. Yupo mmoja alikuwa akipiga kila Jumapili, saa 8 usiku, akitoka kazini kwake. Mwanawe alikuwa na miaka 15. Swali lake lilikuwa moja tu, je, mwanangu yu mzima? Na sheria ya chumba kile inasema mpokea simu asiseme hata kwamba mtoto wa jina hilo yupo kwao. Basi mdogo wangu huandika ujumbe, humpigia mkuu wa zamu wa nyumba ile, humwomba mtu apite chumbani. Baada ya dakika chache anajibiwa kwamba mtoto yuko kitandani, amelala. Sasa yeye anajua. Mama yuko kwenye simu, na yeye anajua, lakini anachoruhusiwa kusema ni hiki: "Mama, ujumbe wako nimeuandika saa 8 na dakika 12, na umefika kwa mhusika."

Nilikasirika, kweli. Nikamwambia huo ni ukatili, neno moja tu "amelala" lingempunguzia nini serikali? Akaniambia kwa upole kwamba simuni watu wote ni mama. Amewahi kupokea baba aliyelia machozi, kumbe ndiye ambaye mahakama ilimficha mtoto asimfikie. Amewahi kupokea "shangazi" aliyekuwa akitumwa na kundi la vijana waliomtafuta mmoja wao aliyetoa ushahidi. Hilo nilikubali. Lakini bado naona wangeweza kumpa mzazi neno la siri, kama benki zinavyofanya. Akasema amekwisha kulipendekeza kwa maandishi, mara mbili. Hajajibiwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililokaribia kumwondoa kazini, na kuvunja amani ya nyumba yake.

Ili mlielewe, yawapasa kujua habari ya Texas. Kulikuwa na nyumba ya vijana wa kiume mahali panapoitwa Pyote, jangwani magharibi mwa jimbo hilo, mbali mno na miji wanakotoka wengi wa watoto. Mapema mwaka 2005 mwalimu mmoja wa kujitolea aliambiwa na wavulana kwamba wakubwa wawili wa pale walikuwa wakiwanajisi. Akamweleza mpelelezi wa jimbo. Mpelelezi alifanya kazi yake, akapeleka jalada kwa mwendesha mashtaka, na jalada likalala. Miaka miwili! Ilikuwa Februari 2007 magazeti yalipoyafumua, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba watoto na wazazi walikuwa wamelalamika na hakuna aliyeshughulika. Mwezi uliofuata bodi nzima ya idara ilijiuzulu. Mmoja wa wale wakubwa alihukumiwa miaka 10 gerezani mwaka 2010, mwingine mahakama ilimwona hana hatia mwaka 2011.

Mwaka huo huo wa 2007 Texas ilitunga sheria mpya. Pamoja na mengine, iliweka ofisi ya wakaguzi wenye madaraka ya kipolisi, mtetezi wa watoto asiye chini ya idara, na namba ya simu isiyolipiwa ya kutolea malalamiko. Katika majimbo mengi leo kijana aliye kizuizini anaweza kunyanyua simu na kumshitaki askari wake. Mtu wa upande wa pili ni mtu kama mdogo wangu.

Usiku huo simu ililia saa 5 kasoro. Mvulana, sauti haijakomaa vizuri, alisema askari alimkunja mkono akiwa tayari amelala chini, amekwisha kutulia, na mkono umevimba. Akataja jina la askari.

Mdogo wangu alimfahamu. Walisali pamoja. Mke wa askari huyo alimletea chakula siku 10 mfululizo alipojifungua mtoto wa pili, na kule ugenini, dada zangu, mtu wa kukuletea chakula ni ndugu kabisa.

Kuna namna ya kuandika malalamiko yakafa. Unaweza kuandika kwamba kijana hakuridhika na namna alivyoshikwa. Si uongo. Mkaguzi atasoma asubuhi, ataona ni kelele za kawaida za mtoto mkorofi, ataweka chini ya rundo. Au unaweza kuandika alivyosema: amelala chini, ametulia, mkono umevimba, jina la askari, saa. Hiyo haiwezi kungoja asubuhi, maana lazima muuguzi aitwe sasa hivi na picha ya mkono ipigwe.

Nikamwuliza, ulifanyaje? Akasema, "Nilikaa vidole vikiwa juu ya kompyuta, dada, labda nusu dakika." Kisha akaandika kila neno, hata tusi ambalo kijana alilitaja, akamwita muuguzi, akampigia mkaguzi wa zamu. Halafu akamweleza msimamizi wake kwamba anamfahamu mtuhumiwa, ili asije akaguswa tena na jalada hilo. Hilo la mwisho ndilo nililolipenda kuliko yote, maana wengi wetu tungetaka kuendelea kuchungulia.

Askari alisimamishwa kazi uchunguzi ukiendelea. Nani aliandika ni siri, lakini chumba kina watu wachache na hesabu ya zamu haimshindi mtu. Jumapili ya pili mke wake alihama kiti. Mwezi haukwisha, kikundi cha akina mama kikaacha kumtumia ujumbe wa mikutano. Shemeji, ambaye ni mtu mpole, akasema imetosha, acha kazi hiyo, tutakula ugali na chumvi lakini tutakuwa na watu. Walinuniana majuma. Yeye akamjibu kwamba akiacha, kiti hakitabaki wazi, ataketi mwingine ambaye labda nusu dakika itamshinda.

Mimi mwanzoni nilikuwa upande wa shemeji. Nisiwafiche. Kufarakana na kanisa ugenini ni jambo zito, na huyo mvulana kwa vyovyote hakuwa malaika. Lakini nilipokuwa nawaza nikamkumbuka mzee Eli. Yeye hakuwafanyia watu ubaya wa wanawe kwa mikono yake mwenyewe, alisikia tu, akawaonya kwa maneno laini, basi. Ukisoma Samweli wa Kwanza, utaona hesabu iliyotoka hapo.

Matokeo ya uchunguzi? Hajui. Wapokea simu hawaambiwi mwisho. Nilidhani ananificha, kumbe ndivyo kazi ilivyo, anashika mwanzo wa kila habari na mwisho unakwenda kwa wengine. Anasema hicho ndicho kinachowachosha wenzake, kuliko hata usiku wenyewe.

Wala msidhani simu imemaliza mambo. Agosti 2024, miaka 17 baada ya ile sheria, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa taarifa juu ya nyumba tano za vijana za Texas hiyo hiyo, ikasema watoto bado walipigwa kupita kiasi, walifungiwa peke yao muda mrefu, na hawakulindwa na unajisi. California wao waliamua njia nyingine. Idara yao ya jimbo, iliyokuwa na vijana karibu 10,000 mwaka 1996, ilifungwa kabisa tarehe 30 Juni 2023, na watoto wakarudishwa mikononi mwa wilaya zao, karibu na mama zao. Kama hiyo itakuwa heri, tutaona. Mdogo wangu ana mashaka, anasema nyumba ndogo bila mkaguzi ni Pyote ndogo.

Nyumbani kwake je? Mwanawe wa kwanza ana miaka 13. Alimwambia mama yake, mbele yangu, mezani, bila hasira: "Mama, ukiwa kazini unawasikiliza watoto wote, ukirudi unalala." Meza ilinyamaza. Simu za mkononi haziingii chumba kile, zinaachwa kwenye kabati mlangoni. Sasa wamepatana kwamba saa 3 usiku, wakati wa mapumziko yake, anatoka hadi kwenye gari na kumpigia kijana wake dakika 15, na kijana asipokuwa na la kusema wanakaa kimya tu kwenye simu. Mimi naona dakika 15 ni chache. Lakini nilipojihesabu mimi ninayelala nyumbani kila siku, je, wanangu wanapata hizo 15? Sikuendelea na hesabu.

Sasa, wapo kati yenu walioniandikia siku za nyuma kwa siri kwamba mtoto amekamatwa. Mara nyingi barua huanza kwa kuomba radhi, kama kwamba mama ndiye mwizi. Na kina sisi tunamaliza kazi kwa ule usemi wetu wa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni usemi mzuri wa kumwambia mwenye mtoto mchanga. Ukimwambia mama ambaye mwanawe yuko mahabusi, umemtupia jiwe.

Mambo ya kushika ni haya. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, kesi yake iendeshwe katika Mahakama ya Watoto, afisa ustawi wa jamii awepo, na haruhusiwi kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Kwa ndugu zetu wa Kenya, sheria ya mwaka 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kushitakiwa kwa kosa la jinai, na wavulana wa miaka 15 hadi 17 huweza kupelekwa Shimo la Tewa au Shikusa. Ukiitwa kituoni, chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto, au kadi ya kliniki, au ya ubatizo, maana ugomvi wa kwanza huwa ni umri. Uliza jina la afisa unayesema naye na uandike saa mlipoongea. Mdogo wangu alisisitiza sana hilo la saa. Mtu akijua umeandika saa, sauti yake hubadilika. Na namba ya msaada kwa mtoto ni 116, hailipiwi, nchi zote mbili.

Walirudi katikati ya Januari. Kabla ya kuondoka, shemeji aliniambia uwanjani kwamba wamekubaliana. Zamu moja ya mchana itakuwa wazi Julai, na mwenzake anayestaafu amekwisha kumwombea. Posho ya usiku itapotea, kwa hiyo gari la pili watauza. Kazi yenyewe haachi. Kikundi cha akina mama bado hakijamwandikia, lakini mke wa yule askari alimtumia salamu za Krismasi, picha ya mshumaa, bila maneno. Mdogo wangu aliniuliza ajibu nini. Nikamwambia ajibu na mshumaa.